Fensi mpya ya msumeno wa meza: panga bledi kwanza
Fensi (ubao wa kuongozea mbao kando ya bledi) inapangwa kwa kufuata mfereji wa meza, ule wa kuteleza geji ya kukatia pembe, si bledi. Chomoa umeme, kisha hakikisha bledi yenyewe iko sambamba na mfereji: tia alama jino moja, lipime umbali wake hadi mfereji likiwa mbele, zungusha, lipime lilelile likiwa nyuma. Ukipima meno mawili tofauti, unaweza kuwa unapima kupinda kwa bledi tu. Ndipo uilinganishe fensi na mfereji huohuo. Nyuma ya fensi ikiwa mbali zaidi na bledi kwa kama 0.1 mm hakuna neno, ila isielekee bledi hata kidogo: ubao utabanwa, meno ya nyuma yataunyanyua na kuurusha kwako.

Je, fensi yoyote inaingia meza yoyote? Hapana. Aina ya Biesemeyer, inayobana reli ya mbele, ndiyo rahisi kuhamishia meza nyingine, ingawa huenda ukalazimika kutoboa mashimo mwenyewe. Angalia tu reli isipande juu ya sakafu ya mfereji, la sivyo geji ya kukatia pembe itagonga hapo. Rula ya kwenye reli irekebishe mwisho, na kila ukibadili bledi ya unene tofauti.