Pembe si jina: kata kisukuku kabla ya kukibadilishia ukoo

Msomaji ametuma picha ya kisukuku chenye umbo la pembe, anataka jina. Picha ya nje haitoshi. Umbo hilo wanalo rugosa, kundi la matumbawe ya kale yaliyotoweka, na baadhi ya skleraktinia, kundi la matumbawe ya leo, wanaoishi peke yao wanalo pia. Calceola sandalina, tumbawe la kipindi cha Devoni lenye kifuniko, lilihesabiwa miaka mingi kuwa brakiopodi (mnyama wa baharini mwenye magamba mawili) kwa sababu hiyohiyo ya kutazama nje.

Kwa hiyo kata. Anza kukata kwa kukingama milimita chache tu kutoka kwenye ncha, ukipanda kuelekea kikombe, yaani mdomo mpana wa pembe. Wengi huanzia kikombe kwa kuwa ni kipana na kinapendeza, na hapo ndipo wanapoharibu kazi: huko septa (kuta nyembamba za ndani zinazoelekea katikati) zimeshajaa, utaratibu wa kuzaliwa kwake hausomeki. Karibu na ncha mambo ni wazi. Rugosa huanza na septa sita, kisha mpya huchipuka katika robo nne tu. Skleraktinia hujaza nafasi zote sita, ndiyo maana unahesabu 6, 12, 24. Tabulata, kundi jingine la matumbawe yaliyotoweka, waliishi kwa makundi, septa zao ni hafifu au hazipo kabisa, sakafu za mlalo ndani ya mirija ndizo zimetawala.

Uso uliokatwa usugue hadi msasa namba 600. Mkwaruzo ulioachwa utausoma kesho kama septa. Utie kwenye asidi hidrokloriki ya asilimia 5 kwa sekunde 10 hivi, suuza, usiguse kwa kidole, kausha kabisa. Sasa chukua nakala ya uso huo: mwaga asetoni, laza karatasi ya asetati (plastiki nyembamba angavu) kuanzia ukingo mmoja ili viputo vitoke, iache ikauke, bandua. Unyevu ukibaki, nakala hugeuka nyeupe kama ukungu. Vaa glavu, fungua madirisha, weka moto mbali.

Tahadhari kubwa ni kwa Chaetetes, kisukuku chenye mirija mingi midogo. Zamani aliitwa tabulata; leo ni sponji, kwa kuwa spikuli (vijiti vidogo vya silika vya sponji) zimeonekana ndani ya kiunzi chake. Lakini usipoziona spikuli usikimbilie kumrudisha kwenye matumbawe, maana silika huyeyuka mwamba unapobadilika. Tazama mirija inavyogawanyika: ukuta unaoota ndani na kuipasua mirija katikati si septa. Favosites, tabulata mwingine, ana vitundu kwenye kuta zake, na mabaki ya polipu yake (mwili laini wa tumbawe) yamepatikana katika miamba ya kipindi cha Siluri. Huyo mwache alipo, kwenye matumbawe.

Kibandiko cha zamani usikitupe. Andika jina jipya chini yake, pamoja na namba ya mkato na umbali wake kutoka kwenye ncha.