Maswali ya Wasomaji: Nembo Inasema Hivi, Kibati Kinasema Vile

Nina Toyota Vanguard ya 2008, injini 2.4. Kila duka la spea naambiwa "hiyo ni RAV4, chukua tu". Juzi fundi alibadilisha oili ya giaboksi, na sasa gari linasita kuondoka na linavuma. Vanguard na RAV4 ni gari moja au mawili?
*Msomaji, Morogoro*

Ni nusu kwa nusu, na umeponzwa na ile nusu ya pili.

Vanguard iliuzwa Japani peke yake, kuanzia 2007 hadi 2013. Bodi yake ni ya RAV4 ndefu, ile waliyouziwa Wamarekani na Waaustralia. RAV4 ya Japani ya miaka hiyo ni fupi: kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ina milimita 2,560, ilhali Vanguard ina 2,660. Kwa hiyo propela shafti ya RAV4 ya Japani haitakufaa, na chochote cha bodi kilicho nyuma ya mlango wa dereva kipime kwanza kabla ya kulipa.

Sasa soma kibati, yaani kile kipande cha bati chenye maelezo ya gari, kilichopo kwenye ukuta wa nyuma ya injini au kwenye nguzo ya mlango wa mbele. Mstari wa MODEL utakuwa na kitu kama DBA-ACA33W. Herufi za kabla ya kistari ni daraja la moshi la Kijapani, hazikuhusu unapotafuta spea. ACA33 ni Vanguard ya 2.4 yenye fowili (injini inasukuma magurudumu yote manne), ACA38 ni ya kusukumwa na magurudumu mawili tu, na GSA33 ina V6, injini ya silinda sita, ya lita 3.5. RAV4 fupi za Japani ni ACA31 na ACA36. Angalia pia herufi ya mwisho: W ni ya soko la Japani. Ukiona ACA33L au ACA33R, hiyo ni RAV4 ya nje, usukani kushoto au kulia.

Herufi hiyo moja ndiyo inayoua magiaboksi. RAV4 ya Marekani yenye injini ya 2.4 ina otomatiki ya kawaida ya gia nne, inayotumia ATF, oili ya giaboksi otomatiki, ile ambayo mafundi wetu huiita haidroliki. Vanguard ya 2.4 ina CVT, giaboksi isiyo na gia za kawaida, yaani mkanda wa chuma unaozunguka katikati ya puli mbili. Fundi akifuata kitabu cha Kimarekani, atamwaga ATF mahali ambapo mkanda unahitaji oili ya kuushika usiteleze. Uthibitisho uko kwenye mstari wa TRANS/AXLE wa kibati hichohicho: ikianza K ni CVT, ikianza U ni otomatiki ya kawaida. Vanguard ya V6 ni U, yenye gia tano.

Usiendelee kuliendesha. Mwaga oili yote na upime kiasi kilichotoka, fungua sampu (beseni la oili chini ya giaboksi), kagua sumaku na chujio. Ungaunga laini wa kijivu ni wa kawaida. Ukikuta vipande vinavyometameta, mkanda umeshakwaruza puli na oili mpya haitauponya. Kama ni safi, jaza oili ya CVT (ya Toyota kwa miaka hiyo ni CVT Fluid TC) kwa kiasi kilekile kilichotoka, washa, pitisha gia P hadi D mara kadhaa, kisha mwaga tena. Fanya hivyo mara mbili au tatu, maana oili nyingine hubaki kwenye konveta, kile chombo kinachounganisha injini na giaboksi, na kwenye kipozeo. Mwisho pima usawa oili ikiwa ya moto.

Ukiwa hapohapo, tazama kijiti cha oili ya injini. 2AZ-FE, ndiyo hiyo injini yako ya 2.4, za miaka hiyo zinajulikana kwa kula oili: vitundu vya kurudishia oili kwenye pistoni huziba kwa masizi na ringi hukwama. Injini inachukua kama lita 4.3 pamoja na filta. Pima kila kilomita 1,000, usisubiri taa.

Kuna gari limeandikwa Honda Crossroad lakini ni Land Rover Discovery mtupu. Limeghushiwa?
*Msomaji, Mombasa*

Hapana. Kati ya 1993 na 1998 Honda haikuwa na gari kubwa la aina hiyo kwao Japani, na ilikuwa na ubia na Rover, kampuni iliyokuwa ikimiliki Land Rover. Ikachukua Discovery ya kwanza, iliyoundwa Solihull, Uingereza, ikabandika nembo yake. Injini ni V8 ya petroli, lita 3.9. Agiza spea za Discovery ya kwanza, usipoteze siku kwenye duka la Honda. Ukitaka kulinunua, anzia kwenye mfumo wa maji: V8 hiyo ikichemka mara moja tu, umeingia gharama.

Usilichanganye na Crossroad ya 2007 hadi 2010, ya siti saba, chasisi RT1 hadi RT4. Hiyo ni Honda halisi, na injini zake za 1.8 na 2.0 ndizo zilizomo kwenye Stream RN6 hadi RN9.

Toyota Cami: duka la Toyota wanasema hawaijui.
*Msomaji, Tanga*

Kwa sababu ni Daihatsu Terios. Taja Terios na usome namba ya chasisi: J100 za mwanzo zina injini ya HC, yenye taimingi belti ya kubadilishwa kwa ratiba, J102 na J122 zina K3, yenye cheni. Mwuzaji akikupa belti kwa ajili ya K3, hajui anachouza.

Japani michezo hii ya kubandika nembo kwenye gari la mwingine ni mingi. Honda Horizon ni Isuzu Bighorn, Honda Jazz ya miaka ya 1990 yenye fowili ni Isuzu MU, Mazda Proceed Levante ni Suzuki Escudo, Mazda AZ-Offroad ni Jimny.

Nimetumiwa picha ya Isuzu fupi, milango miwili, plastiki nyeusi chini mwili mzima, tairi la akiba halionekani. Ni gari gani? Na mbona namba yake ya chasisi haifiki tarakimu 17?
*Msomaji, Lubumbashi*

VehiCROSS. Tairi la akiba limefichwa ndani ya mlango wa nyuma. La Japani, 1997 hadi 1999, lina V6 ya 3.2 na chasisi UGS25; la Marekani, 1999 hadi 2001, lina 3.5. Hayafiki 6,000 yote kwa jumla. Mitambo mingi ni ya Bighorn, lakini taa, bampa na plastiki ni zake peke yake, kwa hiyo likigongwa mbele liache.

Kuhusu namba: magari ya soko la Japani hayatumii tarakimu 17. Yana msimbo wa modeli, kistari, halafu namba ya mfululizo. Usikubali mtu aongeze sifuri ili fomu ijae. Namba hiyo haina mwaka ndani yake. Mwaka wa kuundwa utaukaribia kwa lebo zilizoshonwa chini ya mikanda ya siti. Soma zote, kwa kuwa mkanda mmoja huenda ulibadilishwa.