Maswali ya Wasomaji: Nyota ya Kashan Inapogoma Kuvunjika

SWALI: Nanakili nyota na misalaba ya vigae vya Kashan, Iran. Nakala hutoka safi, lakini nikiigeuza iwe michoro dhahania bado inaonekana ukuta wa vigae. Nifanyeje?

JIBU: Unavunja sura, mifupa umeiacha nzima. Weka kando maua, maandishi na rangi ya mng'ao ambavyo mafundi wa karne ya 13 walijaza ndani ya nyota, urudi kwenye mistari iliyoizaa.

Kwenye karatasi ya A3 chora miraba ya sentimita 6, minne kwa sita. Ndani ya kila mraba piga mistari miwili ya kona kwa kona, kisha duara lenye nusukipenyo cha sentimita 3. Unganisha sehemu nne duara linapogusa pande; unganisha tena pale linapokatwa na mistari ya kona. Miraba hiyo miwili iliyopandana ndiyo nyota ya ncha nane. Msalaba hauchorwi: hujitokeza wenyewe kati ya nyota nne, na si makombo, maana unachukua takriban asilimia 41 ya eneo.

Sasa tandika juu yake karatasi nyembamba inayoonyesha vilivyo chini, upitishe baadhi ya mistari tu. Ukichukua mraba mmoja kwa kila nyota, huku ulionyooka, kule uliokaa kimshazari, nyota hutoweka ila mpangilio wake hubaki. Linalozaa zaidi ni dirisha: kata tundu la sentimita 4 kwa 4 kwenye kadibodi, ulisogeze juu ya mchoro. Nyota ina upana wa sentimita 6, kwa hiyo haiingii nzima hata ufanyeje. Unachokiona kikuze mara tano. Epuka tu kuweka kitovu cha nyota katikati ya tundu. Ulinganifu ukirudi, kigae nacho kimerudi. Feruzi na buluu nzito zisubiri pia, kwa sababu hiyo hiyo.

SWALI: Kwa nini ncha za nyota zangu hazikutani?

JIBU: Pengine unamaliza nyota moja ndipo unapima inayofuata. Kosa la nusu milimita kila mara linafika milimita 3 kwenye nyota ya sita. Pima miraba yote kutoka ukingo mmoja, kwa penseli ngumu (2H) iliyochongoka. Kagua pia upana wa bikari kwa rula kila baada ya duara chache. Skrubu ikilegea, miguu hupanuka bila wewe kujua.