Kisukari cha mama mkwe wakati wa korona

Dada, umeeleza kwamba unaishi Mombasa na mama mkwe mwenye kisukari anayejidunga insulini, kwamba mume wako ni utingo wa matatu, na kwamba mama, kwa kuogopa korona, amekataa katakata kwenda kliniki. Hofu yake ina msingi, kwa kuwa sukari isiyodhibitiwa huongeza uwezekano wa kuugua vibaya akiambukizwa. Lakini kwa sababu hiyohiyo hafai kukosa dawa. Ulizeni kliniki kama mtapewa dawa za miezi miwili au mitatu kwa mara moja, zichukuliwe na mwanawe kwa kadi ya mama.

Akipata homa, asiache insulini hata kama hana hamu ya kula, maana ugonjwa wenyewe hupandisha sukari. Mpimeni kila baada ya saa 4 hivi, anywe maji mara kwa mara, nanyi mpigieni daktari simu kuhusu dozi. Akitapika mfululizo, akipumua kwa kasi au akichanganyikiwa, mpelekeni hospitali mara moja, hata iwe usiku.

Pendekezo la shemeji yako la kumfungia mama chumbani kutwa nzima silikubali hata kidogo. Sukari ikishuka akiwa peke yake, nani atamtambua anapotetemeka na kutokwa jasho, ampe chai yenye sukari? Afadhali mume wako ndiye ajitenge kidogo: aoge kabla ya kumwamkia mama, avae barakoa akiwa karibu naye, na madirisha yabaki wazi.