Jibu: Ini la mama na mifupa, wapi na wapi?

Pole sana dada, na umfikishie mama salamu huko Nansio. Umeuliza kwa nini daktari anataka mifupa ipimwe wakati mama anaumwa sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, iliyotokana na homa ya ini B. Daktari yuko sahihi kabisa.

Vitamini D, iwe ya jua au ya chakula, haifanyi kazi hivihivi. Ini huibadilisha kwanza, figo humalizia, ndipo utumbo unapofyonza kalsiamu vizuri. Ini pia hutengeneza homoni iitwayo IGF-1, inayochochea ujenzi wa mifupa. Ini likichoka, mifupa nayo inakosa. Na mama ana miaka 61: estrojeni, homoni ya kike iliyokuwa ikiilinda mifupa isimong'onyoke haraka, ilishashuka alipokoma hedhi.

Dagaa wana kalsiamu nyingi kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa yao, ila achague walioanikwa bila chumvi, hasa kama tumbo linajaa maji. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni asiguse bila kumuuliza daktari. Hapa Kirumba watu wanazinunua kama karanga, inaniumiza sana.

Na ninyi watoto wake, mmeshapima homa ya ini B? Asiye nayo achanjwe.