Shavu la mguu linalobana mlimani

SWALI: Baba ana kisukari. Akipanda kilima, shavu la mguu humbana. Akisimama dakika chache, huachia. Kliniki ya moyo wanataka kumpima presha mguuni. Ya nini? – Msomaji, Tukuyu

JIBU: Maumivu ya namna hiyo hutufanya tushuku mshipa wa damu uliobanwa na mafuta, si baridi ya milimani. Atalala chali kama dakika 10, kisha presha ya kifundo cha mguu itagawanywa kwa ya mkono. Chini ya 0.90, mshipa umebanwa. Ila kisukari hukakamaza mishipa, mkanda wa kipima presha ukashindwa kuiminya, na jibu likapita 1.40. Msilipokee kama uzima. Ombeni apimwe presha ya kidole gumba cha mguu. Kama anavuta sigara, aache leo. Mguu ukipoa na kupauka ghafla, hospitali saa hiyohiyo, tafadhali.