Ni joto, si RAM

Unasema kompyuta yako inazima ghafla tangu ubadilishe prosesa (ubongo wa mashine), na unashuku RAM, kumbukumbu yake ya muda. Hiyo ni joto, ndugu. RAM mbovu mara nyingi huleta skrini ya buluu au mashine kukataa kuwaka. Kuzima ghafla kila baada ya dakika kumi baada ya kutoa prosesa ya Intel i3-2100 na kuweka i7-2600 ni prosesa inayojiokoa isiungue. i3 hiyo ilikuwa ya wati 65, i7 ni ya wati 95, na nina hakika umerudisha feni ileile ya zamani.

Mimi natengeneza hizi hapa Kondele, Kisumu, na kosa ninalokutana nalo zaidi ni dogo: vile vipini vinne vya plastiki vinavyoshikilia feni, kimoja hakijaingia hadi kulia "tak". Feni inazunguka vizuri, ila chuma cha kupozea kilicho chini yake kimeinuka upande mmoja. Kitingishe kwa kidole. Kikicheza, umempata mwizi wako. Futa pesti ya zamani, ile inayopakwa kati ya prosesa na chuma, kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya dengu, kisha bonyeza vipini kwa mshazari. Vumbi lipulize nje, si ndani ya duka la watu.

Halafu ingia BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguka mashine inapoanza kuwaka, usome joto. Likipanda mbele ya macho yako hadi nyuzi 80 za Selsiasi na zaidi bila kazi yoyote, bado hujafunga vizuri. Likikaa 45 hivi na hata ukitoka BIOS, ukaipa kazi nzito na kusoma joto kwa programu, halifiki 80, na bado inazima, hapo shuku pawa saplai, kile kisanduku kinachoipa mashine umeme. Za kwenye mitumba huwa zimechoka.